Waasi wa Shahe

Jumamosi, 1 Machi
Marobota sita ya jinzi yamefungwa Guangyuan Xilu. Saizi kubwa, laoban, Mchina mwenye duka, kasema meiyou. Hana.
Jioni jumuiya yetu ya sala, sebuleni kwangu. Elia, kijana wa Iringa anayesomea uzamivu wa historia hapa, kaanza masomo ya Warumi. Nilimwomba mwenyewe, tuielewe dunia ya Biblia. Kasema Roma mara nyingi ilianza na urafiki. Jirani anasaidiwa vita, anashukuru, kuja kushtuka ana gavana wa Kirumi juu yake.
Watu wa mtaa wa Shahe wakatazamana. Niliona.

Jumatatu, 3 Machi
Yale macho yananisumbua. Waumini wa Shahe walikuwa wanane, hawana kiongozi. Nikawachukua. Nikawapa ratiba, nikawapa mahali pa kusali. Wa mtaa wa Pazhou vilevile. Leo tuko thelathini. Hilo kosa?
Kuna mtu anamlisha Elia maneno.

Jumamosi, 8 Machi
Somo la pili. Malkia wa Uingereza ya kale. Mumewe kafa, kawaachia Warumi sehemu ya ufalme ili nyingine ibaki kwa mabinti. Wakachukua wote. Malkia wakamchapa viboko. Akainua watu wake, wakachoma miji mitatu. Mwishowe akashindwa.
Mama Kulwa wa Shahe akachomekea: "Afadhali alijaribu."
Wakacheka. Joyce naye. Joyce, mkalimani wangu miaka mitatu! Mimi ndiye niliyemfundisha kupima kitambaa kwa vidole. Anakaa Shahe. Sasa najua anayemlisha Elia.

Jumatano, 12 Machi
Namchunguza Joyce. Simu ikalia, akaenda nyuma ya marobota kuongea Kisukuma. Anajua mimi Mnyakyusa sisikii.
"Nani huyo?"
"Nyumbani, mama."
Uongo. Saa nne asubuhi hapa, kwao saa kumi na moja alfajiri. Mama Kulwa ni Msukuma.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwita Elia. Nimemwambia masomo basi.
"Mama, nimekosea wapi?"
Nikamuuliza nani kamtuma. Hakuelewa. Nikamuuliza somo la tatu lilikuwa la nini. Wabatavi, kabila la mpakani, akasema. Waliipigania Roma miaka mingi, kisha wakaigeuzia mikuki. Aliyewaongoza alikuwa ofisa wa jeshi la Roma hilohilo.
Kijana ni mkweli, nilimwona. Hilo limeniudhi zaidi. Sina wa kumlaumu ila Joyce.

Jumapili, 16 Machi
Asubuhi Joyce kaandika kwamba anaumwa. Ibada ya asubuhi kwangu, wa Shahe hakuja hata mmoja. Nikamwachia mwingine ibada, nikapanda teksi hadi Shahe, dukani kwa Mama Kulwa.
Niliwasikia tangu ngazini. Wanaimba, stoo ya nyuma ya duka la blauzi. Wimbo wetu uleule, ila wameuchangamsha, na makofi. Kwangu hawajawahi kuimba hivyo.
Nikafungua mlango. Wakanyamaza. Wote, kwa mara moja. Watu wazima, wenye biashara zao, wamesimama kama wanafunzi waliokamatwa. Waliniogopa. Mimi.
Joyce ndiye aliyesema.
"Mama, tulikuomba mwezi wa kwanza. Soko la huku linafunguliwa alfajiri. Tukija kwako asubuhi tunakosa mzigo; hapa tunasali tukishaupata. Ulisema suala limefungwa."
Kweli nilisema. Nakumbuka kusema. Walichoomba sikukumbuka kabisa.
Mama Kulwa akanisogezea kiti. Nilikaa nyuma. Waliendelea, polepole.

Jumanne, 18 Machi
Joyce kaja kazini. Tumeongea bei tu. Aibu, na hasira bado ipo, siidanganyi nafsi. Wangenifuata tena. Wangesisitiza. Lakini nani angesisitiza kwangu?
Nimempigia Elia, nimemwomba radhi. Arudi Jumamosi.
Mchana nimeandika kwenye grupu: Shahe wasali Shahe, saa wanayotaka. Nilifuta mara tatu kabla ya kutuma. Kajibu Mama Kulwa peke yake: "Asante mama. Karibu na wewe."

Jumapili, 23 Machi
Mvua nyepesi tangu asubuhi. Tulikuwa ishirini na wawili. Chai ilibaki.
Baada ya ibada wote waliondoka, isipokuwa dada mmoja wa Pazhou. Akawa anaosha vikombe ambavyo vilishaoshwa. Nilijua ana neno. Zamani ningempa mwavuli na kumuaga.
Nikavuta viti viwili. "Kaa," nikamwambia. Akakaa ukingoni. Ilimchukua muda kuanza, nami nikamsubiri aseme.