Pindo ya Jupe ya Olive

Bukavu, tarehe 9 octobre 2023

Koko yangu,

Tumusifu Yesu Kristo. Mugongo ingali inakuuma? Sisi tuko wazima, ila mimi nina habari.

Daktari alipita kwa masomo, ndani ya classe yetu, akatuambia kila mutu ainame, mikono chini. Kufika kwangu akaniinamisha mara ya pili. Mbavu za kuume zimeinuka kuliko za kushoto! Radio, ile picha ya mifupa, ilionyesha mufupa wa mugongo umejipinda degré 32. Inaitwa scoliose. Juu ningali nakomaa, wanataka nivae corset, gamba ngumu ya kufunga tumbo na mugongo, masaa 20 kwa siku, mugongo isizidi kupinda. Ikipita 45, labda operation. Mimi nimekataa. Wenzangu watanicheka.

Lakini kwa hopitali daktari alimuuliza Maman: jupe yangu, sketi hii ya masomo, ingepaswa kupanda upande moja, namna gani nyumbani hawakuona? Maman akajibu jupe zangu zinakaa sawa kabisa. Koko, ni wewe unazishonaka. Ulifanya nini?

Mujukuu wako Olive


Mumosho, tarehe 21 octobre 2023

Olive mwana wangu,

Milele na milele, amina. Mimi niko, ila barua yako nimeisoma mara tatu.

Nilikuwa naona jupe inapanda kushoto. Basi nikaongeza kitambaa vidole viwili upande ule, kila mwaka, na nikajisifu. Nilitengeneza nguo, sikuangalia mutoto. Pole, mwana. Na ni mimi nilikubebesha ndizi kwa mugozi, kamba ile ya kupitisha kwa kipaji cha uso, wakati wa vacances, masomo ikifungwa. Ndiyo ilikupinda. Usirudi tena huku kuteseka.

Koko wako Marie-Louise


Bukavu, tarehe 14 janvier 2024

Koko,

Bonne année. Hii ni barua yangu ya tatu tangu octobre na haujibu. Unalala? Unakula? Noeli bila wewe ilikuwa baya.

Nilimuuliza Papa Josué, yule wa kiné, anayenifundisha mazoezi ya mugongo, habari ya mugozi. Alisema hapana, si mizigo. Mara nyingi hata wao hawajui sababu, ila inaweza kufuatana katika jamaa. Basi nimeinamisha jamaa yote, hata Tonton Patrice na tumbo yake! Hakuna. Kisha nikakumbuka robe zako, yale magauni ya kanisa. Koko, pindo zako unazikataka namna gani?

Tupatane: uiname mbele ya Tantine Chantal. Ukiinama, nitavaa corset.

Olive wako, si mwingine


Mumosho, tarehe 2 février 2024

Mutundu wewe,

Salamu kwa wote. Nimeinama. Chantal alipiga kelele "Yesu wangu, mbavu zako!" mupaka kuku zikakimbia. Robe zangu zote, miaka makumi ine, kushoto ni vidole vitatu zaidi. Nilizania ni uzee na kubeba mizigo tu.

Sasa vaa. Na uulize: corset inaweza kuninyoosha na mimi?

Koko


Bukavu, tarehe 16 juin 2024

Koko mupenzi,

Uko salama? Papa Josué anasema mutu muzima corset haimunyooshi tena. Kwako ni mazoezi, dawa ikiuma, na uje wakuangalie. Uje kweli.

Mimi navaa. Siku ya kwanza nililia, jasho tu. Glody wa classe yetu alinigonga tumboni, juu ya corset, ko-ko-ko: "Nani iko ndani?" Nikacheka mimi wa kwanza. Radio mupya: degré 30. Haijanyooka, lakini imesimama!

Jupe ya mwaka mupya wa masomo ushone, ila pindo ikatwe sawa pande zote. Ikipanda, tuione.

Olive


Mumosho, tarehe 25 août 2024

Olive mwana,

Nakusalimia wewe na corset yako. Jupe ni hii, sawa pande zote. Mukasi ilitaka kuongeza vidole viwili kushoto, ukizoea kudanganya ni vile.

Nilijishonea robe na mimi, pindo sawa. Dimanche nimeenda nayo kanisani. Kushoto ilipanda, haya ikanishika, choir nzima inaniangalia miguu. Kisha misa ikaisha, Maman Eulalie akanivuta pembeni na mutoto wake wa kike wa miaka kumi. Akanionyesha jupe ya mutoto, inapanda upande moja.

Tunakuja siku ya jeudi, sisi watatu. Mwambie Papa Josué.

Koko wako