Dawa Nilizosema Zimekwisha

Mpendwa Bi Aisha,

Leo ni Idd Mosi hapa Faza na nyumba yako imejaa. Bintiyo Maryamu amekuwa jikoni tangu alfajiri, wanao wa kiume wamerudi kutoka kuswali, na mimi, mpangaji wako wa chumba cha uani, nimejifungia nikuandikie. Nilitaka kuanza kwa kukuomba radhi, lakini kila nikishika kalamu najikuta nakushukuru. Sijui kipi kitangulie.

Unaikumbuka Krismasi yangu ya kwanza hapa? Walimu wenzangu walikuwa wameenda kwao bara. Mimi nilikuwa nimemzika baba miezi miwili kabla, na sikuwa na moyo wa kuuona ule mji bila yeye. Ukabisha hodi na sinia ya pilau, ukiniita nile.

"Ndoo ule, Mwalimu. Sikukuu ni yako, mpishi ni mimi."

Ukakaa kizingitini, ukaniuliza babangu alikuwa akiitwa nani. Nilipolitaja jina lake nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hukuninyamazisha. Ulingoja tu, ukinifukuzia nzi kwenye chakula.

Halafu ikaja Desemba iliyopita. Nilikuwa naenda Lamu kwa siku mbili, ukanipa kikaratasi cha dawa zako za presha. Kule nikakutana na marafiki wa chuo, tukastarehe, na nilipokikumbuka kikaratasi boti ilikuwa imeshang'oa nanga. Uliponipokea mlangoni ulimi ukajisemea: "Zimekwisha, Bi. Wasema mpaka mwezi ujao."

La, nisiusingizie ulimi. Nilisema mimi.

"Haidhuru," ukajibu. "Ahsante kwa kuhangaika, mwanangu."

Baada ya wiki tatu ulianguka ukianika nguo. Daktari alisema mshipa wa kichwa ulipasuka. Sikumuuliza zaidi, niliogopa jibu. Matangani watu walinishika mkono wakinishukuru kwa nilivyokuwa nikikutunza, nami nikaitikia kila mmoja.

Nilivumilia hivyo mpaka jana. Nikamwita Maryamu uani, nikamweleza yote. Akasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa akivikata vidonge nusu. Nilimuuliza, akasema vyamtosha." Akanitazama. "Na mbona waniambia leo? Wewe umeshapumua. Mimi je?"

Hata sasa sijui kama nilisema kwa ajili yako, au kwa ajili yake, au nilichoka tu.

"Kesho waambie na kaka zangu," akasema. "Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

Basi leo baada ya chai nikasimama mbele yao sebuleni, nikasema. Sikusema nilisahau tu, nilisema nilisahau kisha nikadanganya. Kaka mkubwa, Bwana Omari, aliinamisha kichwa. Nilidhani atanipiga. Badala yake akasema polepole, "Mwalimu, sisi wana watatu tuna simu. Hakuna aliyepiga kumuuliza mama kama ana dawa."

Nikahisi mzigo unaanza kupungua. Lakini Maryamu akadakia kutoka mlangoni: "Usimpunguzie, kaka. Lake ni lake, letu ni letu."

Akasema kweli, Bi Aisha, na iliniuma kuliko kofi. Kisha wakakuombea dua. Maneno yake siyajui, lakini nami niliinua mikono, na hakuna aliyeniambia niishushe.

Nakushukuru, na najua hilo haliondoi nililolifanya. Mambo haya mawili yamekaa ndani yangu kama wageni wasiosemezana, na sijui niyapatanishe vipi. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Pumzika kwa amani. Huku sijaambiwa nihame, wala sijaambiwa nibaki. Nasikia Maryamu anapanga sahani, na sijui kama ananihesabu.

Mpangaji wako, uliyemwita mwanao.