Diski Nyekundu na Diski ya Bluu

Jumapili, 10 Agosti
Nimetoka misani, nimefuta vumbi kwenye mashine ya diski, nimemwangalia mama. Kila Jumapili ndivyo. Marehemu, lakini kwenye televisheni yangu anacheza kioda, ngoma ya wanawake wa huku, ziwa nyuma yake linameremeta hadi dagaa wa usipa unaweza kuwahesabu majini. Nimewahesabu. Mgeni aliyemrekodi alituma filamu hiyo hiyo kwa diski mbili za aina mbili, nyekundu na bluu, maana hakujua tuna mashine gani. Yangu inasoma nyekundu tu. Toka hapa Mbamba Bay hadi Songea hakuna nyingine. Hadi Dar, nadhani.

Jumanne, 12 Agosti
Jirani yangu afisa uvuvi, mtu wa Tanga, kanunua mashine ya diski za bluu. Kaniita nione filamu ya simba. Picha nzuri. Sikumwambia. Nilisema weusi wa picha yake umezidi, yangu ina joto. Yeye anadai ya bluu inabeba vitu vingi, na ngozi yake ngumu, haikwaruziki ovyo. Nikamweleza diski yangu iliwahi kuzama ziwani, kambale akaimeza, nikampasua, ikaendelea pale pale ilipoishia. Alicheka mpaka akakaa chini.
"Mjomba, hizo nyekundu hata waliozitengeneza walishaziacha."
Wivu tu.
Ya bluu niliifunga kwa uzi kwenye chanja ya kuanikia usipa tangu masika. Inawaka juani, kunguru hawasogei. Kazi yake hiyo.

Alhamisi, 14 Agosti
Dada Skola kapiga simu kutoka Mapera, huko milimani. Anashuka kesho. Mama alipofariki yeye alikuwa Msumbiji, hakuwahi hata maziko. Nimemwahidi atamwona mama mzimamzima, atasikia mpaka pumzi.

Ijumaa, 15 Agosti. Kupalizwa Mama Maria
Mashine imekufa. Umeme ulikatika, ukarudi na hasira, taa ikazima. Fundi kafungua, kafunga. Jicho la kusomea limeungua, na la aina hiyo halitengenezwi tena popote.
Nimeshika diski nyekundu. Mama yumo humu na hatoki.
Dada amefika. Ameoga, amevaa kitenge kipya cha kumwonea mama. Nimemwambia kesho. Naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeikata ya bluu kwenye chanja. Magamba. Mavi ya kunguru, kumbe walikuwa wanasogea. Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa cha mtoto, nikaipeleka kwa afisa. Hakunicheka. Iliniuma kuliko kama angecheka.
Mashine yake ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Kisha mama akatoka polepole, kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa asubuhi. Akacheza. Maji yakapumua nyuma yake. Halafu akaganda, mkono mmoja juu, uso umetugeukia sisi.
Afisa akanyanyua rimoti.
"Usiguse, afisa," dada akasema. "Mwache apumzike."
Akasogea karibu na kioo, akapiga goti.
"Shikamoo, mama."
Mama alikaa vile vile, mkono juu, mpaka chai ikapoa. Sijui alijiendesha mwenyewe au vipi, lakini baadaye alisogea tena, akamaliza ngoma yake.

Jumapili, 17 Agosti
Sikufuta vumbi leo. Dada yuko kwa afisa tena, mlango wazi, sauti ya kioda inafika hadi huku. Mimi niko kwenye chanja, nafukuza kunguru kwa mkono.
Weusi wa picha ya afisa haujazidi. Uko sawa tu.