Bakuli la mama limefika makumbusho

LuAnn dada yangu, niko garini nje ya makumbusho ya kaunti.

Unakumbuka bakuli la viazi na jibini la mama, lililopotea ile Jumapili ya kila mtu kuleta chakula kanisani? Mama alimshuku Arlys wa pale kanisani, wakanuniana hadi mama anaingia kaburini.

Nimelikuta mle ndani. Limewekwa mezani, eti "Jiko la Bibi". Nimeligeuza: selotepu chini, jina la mama, mwandiko wake.

Na anayetembeza wageni ni Arlys mwenyewe.

"Mwanangu, vitu vya makumbusho havishikwi."

Havishikwi. Ananiambia mimi.

Nikalificha ndani ya koti, nikatoka. Mimi, LuAnn, nimeiba makumbushoni.

Ngoja, anakuja. Wala hakimbii.

Amegonga kioo. Ameshika kifuniko cha bakuli.

"Umesahau hiki, mwanangu."