Mjomba, Usikiwashe Kiamshi Kule Miono

Mpendwa Mjomba Haji,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Nakuomba kabla hujaendelea ufunge mlango wa chumba chako cha ufundi. Usome peke yako, wala usimsomee mkeo, ingawa nampenda. Ukimaliza, tia karatasi hii jikoni kwenye mkaa, ukae mpaka iwe majivu. Neno moja likitoka hapa likafika ofisini kwetu, mimi sina kazi, na pengine nitakuwa na kesi. Unajua mimi ni mwoga. Tangu utoto nilikuwa nikisikia radi naingia chini ya kitanda cha Bibi, na wewe unanifuata huko huko chini na tochi kunieleza radi ni nini.

Naandika haraka haraka, Mjomba, lakini si kwa hofu peke yake. Nimegundua kitu! Mimi, mpwa wako, karani wa kupanga mafaili ofisi ya afya ya wilaya, nimegundua kitu cha fizikia, na tangu Jumapili nashindwa kukaa kitako. Nilitaka kukupigia simu saa ile ile, ila umeizima tangu siku ya Idi tuliyogombana.

Niache nianze mbali kidogo, usije ukadhani nimeandika kukusuta.

Nakumbuka ulivyokuwa mwalimu. Shati jeupe, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Jioni ulikuwa unakaa kwenye baraza yetu pale Dunda, Bagamoyo, unachomeka msumari na kipande cha shaba kwenye limau, unaniita, "Njoo, Bi Mwanasayansi, njoo uone limau linavyofanya kazi ya serikali." Taa ndogo ya LED ilikuwa haiwaki kwa limau moja, na mimi nikikaribia kulia. Ukaongeza la pili, la tatu, la nne, ikawaka. Mama akatoka jikoni akapiga kelele, "Haji! Malimau yangu ya mchuzi hayo!" Ukamjibu, "Dada, leo tunakula mchuzi wa mwanga."

Kisha Bibi akaanza kuumwa miguu. Sukari ilikuwa imemtia ganzi mpaka hajui kama amevaa kandambili au hakuvaa. Ulikuwa unamkanda kwa mafuta ya nazi kila ukitoka shule, naye anatazama ukutani kama anayekandwa ni mtu mwingine. Ndipo ukatengeneza ile mashine ya kwanza: sahani mbili za shaba, betri, na kisanduku ulichokitoa kwenye redio mbovu. Ukamsimamisha juu ya sahani na kuzungusha kitasa polepole. Bibi alikunja uso, kisha akacheka. Alicheka mpaka akanishika bega. "Haji," alisema, "kuna sisimizi wananitekenya! Ni miguu yangu hii?"

Nilikuwepo. Niliuona uso wako wakati ule. Watu wanasema uliacha fizikia kwa tamaa, wengine wanasema akili imekuruka. Mimi najua uliiacha pale pale, mbele ya kicheko cha mama yako. Nani angeweza kurudi darasani kesho yake kuandika kanuni ubaoni?

Bibi alipofariki hukurudi kwenye chaki. Ukahamia Fukayosi, kwenye shamba la wakwe zako, ukaipa mashine jina la Kiamshi, watu wakaanza kuja. Wanakuja na magoti, na migongo, na ganzi, na usingizi uliopotea. Siku ya Idi, tukiwa tumemaliza pilau, nilikuuliza mbele ya watu, "Mjomba, lakini umeipima?" Ukaweka kijiko chini. "Nimeipima kwa nyuso za watu," ukasema. "Fizikia ilinipa kikohozi cha chaki, mwanangu. Kiamshi kinanipa dua." Nikasema dua si kipimo. Ukaondoka bila kunawa mkono. Kama niliongea kwa ukali, ni kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumapili.

Ile mashine ya kwanza, ya betri, bado iko kwetu. Mama anapanda juu yake kila siku akimaliza kuswali Alasiri, na jirani zake wanakuja. Unamjua Baba Paulo, fundi cherehani wa mlango wa pili. Yeye alishaipanda mara nyingi akashuka vile vile, hajasikia kitu. Kina mama wamemfanyia mzaha mpaka amezoea. "Mashine ya Mwalimu imemkataa huyu! Haimjui, hatawadhi!" Na yeye anajibu, "Basi inabagua, nitaishtaki kwa balozi wa nyumba kumi." Mwenyewe uliwahi kusikia maneno hayo, Mjomba, na hukuyakanusha. Ulisema Kiamshi kinawapokea vizuri zaidi wanaotoka kuswali, kwamba pengine kuna baraka ambayo vitabu havijaifikia. Wagonjwa wako wote wanasema hivyo. Baada ya swala kinashika barabara. Asubuhi kinalegea.

Jumapili mvua ilinyesha. Baba Paulo alikuja kuomba moto, viatu mkononi, amevuka dimbwi la uani. Mama akamwambia, "Panda, huenda leo imekusamehe." Akapanda kwa dharau, anatafuna muwa. Mama akazungusha kitasa pale pale panapomtosha yeye.

Mjomba, yule mzee aliruka! Muwa kule, kofia kule. "Yesu na Maria!" Akasimama mlangoni ameshika paja. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Ehee, Baba Paulo! Umesilimu lini bila kutuambia tukupikie?"

"Sijasilimu, Bi Zuhura," akasema, bado anahema. "Nimelowa tu."

Nimelowa tu! Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sahani ilinitoka mkononi.

Nilimrudisha. Alikataa, nikamsihi, nikamwahidi chai na vitumbua. Nikamfuta miguu kwa taulo mpaka ikawa mikavu kabisa, nikamsimamisha, kitasa hakijaguswa. Hakusikia kitu, akaanza kuimba. Nikaimwagia miguu maji ya kopo, akapanda tena, akaruka tena na kuniita mchawi. Kisha nikamgeukia Mama. Alikuwa ametoka kutawadha, nyayo zinang'aa maji. Nikamwomba azikaushe. Akapanda, akasubiri, akanitazama. "Mbona kimya?" akasema. "Yaani taulo limefuta ibada yangu?"

Sisemi udhu hauna baraka, Mjomba, Mungu aniepushe. Nasema maji yana kazi yake. Unakumbuka uliponipa betri ndogo ya mraba nikaishika kwa vidole, nikakwambia imekufa? Ukasema, "Iguse kwa ulimi." Ikaniuma ulimi nikapiga ukelele. Ukanieleza siku ile kwamba ngozi kavu ni mlango uliofungwa na ngozi iliyolowa ni mlango ulio wazi. Volti ni zile zile, ukinzani ndio umeanguka, kwa hiyo mkondo umepanda. Maneno yako hayo! Nimeyabeba miaka yote hii bila kujua yatanifaa kwa nini.

Jumapili nzima nilikuwa kama nimekunywa kahawa ya birika zima. Nilizunguka uani nacheka peke yangu. Nilitaka kuja Fukayosi kwa miguu nikwambie, "Mjomba, tumepata! Tumejua kwa nini!" Nilikuona tayari umekaa na kalamu, unachora.

Ni Mama aliyeacha kucheka kwanza. Alifunga kitenge vizuri. "Na hiyo mashine mpya mjomba wako anayoipeleka Miono Ijumaa," akauliza, "si ndiyo ya umeme wa ukutani?"

Nikakaa chini, furaha yote imeisha.

Kwa sababu najua unavyofanya kazi. Nimekuona mara nyingi. Asubuhi unaijaribu wewe mwenyewe, kwanza kabisa, kwani hutaki kumweka mtu mahali ambapo hukusimama wewe. Ni uungwana wako huo. Unapanda na nyayo zako za mkulima, kavu, ngumu, zilizopasuka kisiginoni, unazungusha kitasa mpaka usikie kitu, na hapo ndipo unapoweka alama ya rangi nyekundu. Kisha adhana inaadhiniwa, unaifunga, unakwenda msikitini. Watu wanatoka kuswali, wanakuja moja kwa moja, miguu mitupu, bado mibichi. Unawasha pale pale penye alama yako. Hujawahi hata siku moja kuipanda ukiwa umelowa. Heshima yako kwa wakati wa swala ndiyo iliyokuficha jambo hili.

Kwa betri, mtu anaruka na kofia inaanguka. Tunacheka, tunakunywa chai. Lakini ya ukutani, Mjomba! Uliniambia mwenyewe umeupunguza umeme wake kwa transfoma uliyoitoa kwenye redio ya zamani. Ni nzima? Waya zake za ndani hazijachubuka? Ikivuja mara moja tu, nani anasimama juu ya shaba wakati huo? Ni bibi fulani wa Miono aliyetawadha vizuri, mguu wa kulia na wa kushoto, mpaka kwenye vifundo, kama alivyofundishwa, anakuja kwako kwa sababu amesikia wewe ni mtu wa Mungu. Mwenye ganzi kama ya Bibi ndiye atakayechelewa kusikia, na atakayeambiwa na wenzake, "Vumilia, inafanya kazi." Na moyo wa mtu mzima hauhitaji umeme mwingi kusimama.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ijumaa, baada ya swala, kwenye uwanja wa shemeji yako Miono, usiiwashe. Sikuombi uivunje. Nakuomba usiichomeke.

Na sasa lile la siri. Jana, nikiwa nimeinama nyuma ya kabati, nilimsikia mkuu wangu akimwambia dereva, "Ijumaa jaza mafuta, tunakwenda Miono kumtazama yule mwalimu anayetibu kwa umeme." Akaniona. "Binti," akasema, "haya ya ofisini yanaishia ofisini." Nikasema ndiyo, bosi. Nikarudi kwenye mafaili. Ndiyo maana nimekuomba uchome karatasi hii. Sikuambii ili ukimbie, Mjomba. Wakija, wakaribishe, wafungulie kisanduku, waonyeshe kila waya. Ila nilikuwa na uamuzi mmoja tu wa kufanya: ninyamaze, wewe ukae na heshima yako mpaka Ijumaa na mtu afe, au niseme, nami nipoteze mkate. Nimesema.

Waambie pia walioacha dawa za kliniki wazirudie. Wapo, Mama anawajua wawili. Kicheko cha Bibi kilikuwa cha kweli, nakishuhudia mpaka kaburini, lakini sukari yake haikushuka, na wewe ulijua, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka kupima.

Najua itakuuma. Umekuwa ukiamini umegusa jambo ambalo vitabu havijaligusa, na mpwa wako anakuja na kopo la maji. Lakini Mjomba, je, hufurahi hata kidogo? Kuna kitu hapa! Watu wazima wamekuwa wakisimama juu ya kanuni yako mwaka mzima bila kuiona, nawe ukiwa umesimama nao. Fikiria ungeifundisha hivyo, kwa Baba Paulo na muwa wake! Hakuna mwanafunzi angesahau. Mimi nimeielewa Jumapili kuliko nilivyoielewa kwenye mtihani. Shule zina uhaba wa walimu wa fizikia, na wewe uko Fukayosi unapaka rangi kitasa.

Nimempa Baba Paulo barua hii, kesho anakwenda huko kuchukua mahindi. Hajui kilichomo. Kama ningempa maneno badala ya karatasi, yangekuwa yameshafika Chalinze. Usimwulize kitu, mpe maji, mshukuru.

Kunipata mimi, fanya hivi. Usipige simu ofisini kwa hali yoyote. Usinipigie hata kwenye simu yangu mchana, huwa naiacha mezani na wenzangu wanaitazama. Washa simu yako, piga ya Mama baada ya Magharibi, nitakuwa nimekaa pembeni yake. Ukiogopa kuongea, mwambie tu Mama kwamba safari ya Miono imeahirishwa, yeye ataelewa na mimi nitalala. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa simu hiyo hiyo, nitasikiliza mpaka mwisho, ni haki yako.

Na kama hadi Alhamisi usiku hatujasikia sauti yako, basi usihangaike kunitafuta Bagamoyo. Ijumaa sitakwenda kazini. Utanikuta Miono kwa shemeji yako, watu wakitoka msikitini na gari la ofisi yetu likiegeshwa. Nitakuwa nimesimama ukutani mbele ya soketi, mgongo umeifunika, na mkuu wangu ananitazama usoni. Nitakuwa mwoga vile vile. Hutaweza kunisogeza.

Mpwa wako,
mtoto wa dada yako Zuhura