Kitanda Yetu Njo Ile Mbao ya Bafle

Shituru, Likasi, dimanshi kisha misa

Mama Banza, bibi yangu,

Jambo yako na ya batoto bane. Mugongo ya baba yako, fundi wetu wa mbao, inapona? Minye niko muzima, kazi ku usine, kiwanda ya shaba, inaendelea. Na nyumba banatupatia! Byumba bibili, dirisha inaangalia reli. Lakini mbele ya kupanda treni, soma hii.

Kitanda yenye baba yako alitutengenezea, yenye ulizalia batoto bote, yenye nilitangulia nayo huku: haiko tena kitanda. Niliikata. Mbao yake njo masanduku ya bafle, mule sauti ya machini ya disiki inatokea.

Usipasule barua! Nilianza na mbao ya makasha ya chai: sauti ikatetemeka. Nikajaribu kontreplake, ile mbao nyembamba ya kugandisha: sauti ikakufa. Na kitanda ilikuwa pale mu kona, ingali imefungwa na kamba ya safari. Nikaigonga na kidole. Too! Bibi, mwezi muzima niliigonga kila nikitoka kazi. Kisha nikabeba musumeno. Nilisema ubao moja tu, wa ku miguu.

Na kweli, ungesikia! Kidole ya mupiga gitaa inateleza pa kamba, unaisikia! Ngozi yote inanisimama. Lakini wimbo yenyewe siisikilize tena. Natia sindano, nainua, nasogeza bafle kidogo, narudilia. Mama Kapinga, jirani, analalamika pa dirisha: "Baba Banza! Ule muntu unamutesa mpaka siku gani? Umuache aimbe amalize!" Nikacheka. Kisha nikajiuliza: wimbo gani nilisikiliza mpaka mwisho? Sikumbuke hata moja.

Na wakati uliniandikia kuniuliza kama kitanda ilifika muzima, nilijibu ilifika. Kufika, ilifika. Hiyo njo bongo, ule uongo, yenye inaniuma kupita musumeno.

Haiwezekane kuirudisha, mbao iko na matundu makubwa kama sahani. Njo maana usipande treni peke yako. Banaisha kunipa konji, likizo ya kazi. Siku ya samedi niko kwenu Kamina, nitapita kwanza ku atelye, karakana ya baba yako, niseme yote, kisha nimuombe anifundishe kutengeneza ingine. Ukikataa kuja na minye, unikatalie kule, mbele ya bazazi bako, haiko huku mu nyumba yenye haina pa kulala.

Unisalimie mama mukwe, na mudogo yako mwenye anauzaka samaki pa gare ya treni, na batoto bote. Baba yako usimusalimie. Nitamusalimia minye mwenyewe, kama atapokea mukono yangu.

Bwana yako, mwenye makosa,
Baba Banza