Mvumo Unaofunika Nyota

Malaba

Dada yangu Mwanaidi,

Natumai goti limepoa na unapanda ngazi bila kushikwa mkono. Mimi mwili haujambo. Usingizi ndio umepungua.

Ile faneli kubwa ya mabati nimeimaliza. Iko juu ya paa la duka, mdomo ukitazama mbinguni, na kipaza ishara nimekilehemu mwenyewe ndani ya mkebe wa majani ya chai. Chombo hiki hakitangazi chochote, kinasikiliza tu. Gesi iliyotanda kati ya nyota hunong'ona, na mnong'ono huo huonekana kwenye kompyuta kama kilima kidogo. Siku nilipokiona, nilitamani Tanga ingekuwa karibu nikuite.

Kisha kilima kikaanza kuzama. Kila mara lori fulani la buluu lilipoegeshwa mbele ya duka, mvumo mzito ulifunika kila kitu. Nami, kwa adabu tuliyolelewa nayo, nikamwendea dereva.

"Kijana, humo ndani kuna kifaa kinavuma. Naomba uegeshe mbele kidogo."

Akacheka. "Mzee, umejuaje?"

Nikamweleza yote, hata kompyuta nikamwonyesha. Omuse, jirani yangu anayeziba pancha, alinivuta kando baadaye.

"Mzee Salimu, umeongea nini na hao watu? Hizo lori za mizigo zinafuatwa na setilaiti mpaka zivuke Uganda. Hao wanaizima na hicho kifaa kinavuma, ndio waibe mizigo. Sasa umewaambia ati unasikia wakizima!"

Juzi wakaja watu wawili, wamevaa nadhifu, na kilo mbili za sukari mkononi. Mmoja akapanda ngazi, akaigonga faneli kwa pete yake.

"Hii kitu inaweza jua ni lori gani?"

"Mimi nasikiliza nyota, bwana."

"Basi baki na nyota, mzee. Hapa umezeeka vizuri."

Sijaishusha. Nikiishusha watajua nimewaelewa. Na nimehama miji ya kutosha, dada. Miguu ya kuhama tena sina.

Nisalimie shemeji, mabinti wa marehemu kaka, na mjomba wa msikitini. Hao waambie niko salama. Wewe usije Idi hii kama ulivyopanga. Lori la buluu limeondoka tangu jana, lakini mvumo haujaondoka. Leo asubuhi nimeiinamisha faneli huku na huku kuutafuta. Unapanda zaidi ninapoielekeza kwenye chumba cha uani, kilichopangishwa juzi kwa mtu ambaye bado sijamwona uso.

Akuombeaye kila swala,
kaka yako Salimu